Kuna wa Kushuka Garsen?

Kondakta wa basi la Lamu huuliza swali hili mara moja tu, tena kwa sauti ya mtu ambaye tayari analijua jibu. "Kuna wa kushuka Garsen?" Basi limesimama, injini haijazimwa, wachuuzi wamefika madirishani na mayai ya kuchemsha, maji baridi na maembe. Mimi huinua mkono. Hapo ndipo vichwa hugeuka.

Safari iliyopita, aliyekaa kando yangu tangu Malindi alikuwa kijana wa Nairobi, mcheshi, kofia ya ukili kichwani, anakwenda Lamu kwa siku nne. Tulikuwa tumepiga stori vizuri njia nzima: muziki, kodi ya nyumba, kazi zinazolipa kwa ahadi. Aliponiona nashusha begi akashangaa. "Unashuka hapa? Kwani hapa kuna nini?" Nikamwambia hapa ni kwetu. Akaona haya kidogo, akajaribu kuniliwaza. "Pole, msee. Mimi hapa napajua kwa choo tu."

Sikukasirika. Alikuwa anasema kweli: basi husimama, watu hukimbilia choo, hununua maji, hurudi vitini. Basi likaondoka naye, nikabaki na jua la saa saba mchana. Lakini swali lake limekaa nami miezi kadhaa, na nataka kulijibu hapa, kwa sababu si lake peke yake.

Nyote mnazijua zile orodha. Mambo kumi ya kufanya Lamu. Wikendi ya siku mbili Diani. Saa 48 Zanzibar. Mji unakatwa vipande kama keki: kifungua kinywa hapa, picha pale, machweo kule, halafu Jumatatu unarudi kazini na simu iliyojaa. Sina ugomvi na mapumziko. Mtu anayepanda matatu saa kumi na moja alfajiri siku tano kwa wiki ana haki ya kulala ufukweni bila kuhubiriwa. Ugomvi wangu ni na ramani ambayo orodha hizo zimetuchorea vichwani. Kwenye ramani hiyo pwani ya Kenya ina Diani, Mombasa, Kilifi, Watamu, Malindi, halafu ghafla bin vuu, Lamu. Katikati ya Malindi na Lamu kuna zaidi ya kilomita 200 zisizo na jina. Ni mahali pa kulala usingizi ndani ya basi.

Mwaka juzi nilijaribu kuliziba pengo hilo. Niliandika makala, "Siku Mbili Garsen", nikayatuma kwa ukurasa mmoja wa mambo ya safari. Mhariri alikuwa mpole. Alisema nimeandika vizuri, ila wasomaji wake wanatafuta vitu vya kuona, na hapo, tuseme ukweli, hakuna kitu. Akanishauri niandike kuhusu Lamu.

Hakuna kitu. Nataka kuyashtaki maneno hayo mawili, maana yametumika sana kwetu, na wengi walioyatumia kabla ya mhariri yule hawakuwa wapole.

Tuanze na wewe msomaji wa Nairobi, ambaye hujawahi kushuka Garsen. Asubuhi ya leo, kama mfereji wako ulitoa maji, kuna uwezekano mkubwa yalitoka bwawa la Ndakaini. Ndakaini limejengwa kwenye mto Thika, na mto Thika unamwaga Tana. Ulipowasha taa au kuchaji simu unayosomea maneno haya, huenda sehemu ya umeme huo ilitoka Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma au Kiambere. Mabwawa yote matano yako juu ya Tana. Na ukienda uwanjani kuitazama Harambee Stars, ukasimama, ukaweka mkono kifuani, wimbo unaouimba umebeba sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano iliyopewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa ilichukua sauti hiyo, na jina la mzee Meza Morowa Galana wa Tana River limo kwenye historia yake. Taifa zima hubembelezwa na mama wa Kipokomo kila Jamhuri Dei, halafu taifa hilohilo linauliza, kwani hapo kuna nini?

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini, kama kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari ya Hindi. Unaanzia kwenu. Unakunywewa, unazuiwa, unazungushwa kwenye mitambo, kisha kinachobaki kinatufikia sisi. Tangu bwawa kubwa la Masinga likamilike mwaka 1981, wazee wetu wanasema mto haufuriki tena kwa zamu yake. Zamani mafuriko yalikuwa kalenda: maji yanapanda, yanaacha matope meusi, watu wanapanda mpunga, ng'ombe wanarudi kwenye majani mabichi. Siku hizi ukame unakaa muda mrefu, na maji yakija yanakuja kwa hasira. Mimi nilisoma kwa koroboi kilomita chache kutoka kwenye mto unaowasha taa za Nairobi. Sisemi hivyo nionewe huruma. Nasema tuna hesabu kati yetu, na mtu mwenye hesabu na mwenzake hapiti mlangoni kwake akiwa amelala.

Basi shuka. Nakupa siku mbili, na sitakudanganya kuhusu lolote.

Siku ya kwanza fika mapema, kabla jua halijakasirika. Tafuta chumba kwanza. Ni gesti ya kawaida: kitanda, neti, feni, ndoo ya maji. Usiulize bwawa la kuogelea. Acha begi, tembea mpaka mtoni. Simama darajani. Kabla ya daraja watu na magari walivushwa kwa kivuko kilichovutwa kwa kamba, na ukimpata mzee wa miaka 60 au zaidi atakusimulia jinsi abiria walivyolala ng'ambo wakingoja maji yashuke. Mto una rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya Murang'a, Embu na Tharaka; mlima wenu unapita hapo chini yako. Usishuke kuogelea. Mamba wako, viboko wako, na watoto wa hapa wanajua ni wapi mtu anachota maji na wapi hachoti. Waulize.

Halafu nenda sokoni, na kama umebahatika kuja siku ya mnada wa mifugo, nenda mnadani. Utaona ng'ombe weupe wenye nundu, wa Waorma, na wazee waliovaa kikoi na fimbo mabegani wakishauriana bei kwa sauti ndogo sana. Usipige picha kwanza. Nunua chai. Kaa. Jambo la kwanza ambalo mji huu utakufundisha ni kukaa, na hakuna orodha ya mambo kumi iliyowahi kuliandika kwa sababu halipigiki picha. Utasikia Kiorma upande huu, Kipokomo upande ule, Kisomali nyuma yako, Kigiriama kwa mama wa mboga, na wote wakikutana katikati wanazungumza Kiswahili ambacho si cha Mombasa wala cha Nairobi. Kwa mtu anayependa lugha, saa mbili pale ni chuo.

Mchana kula wali wa mpunga wa huku, na samaki wa mtoni, kambale au tilapia, aliyepakwa nazi. Ukija mwisho wa mwaka, msimu wa maembe, utakula mpaka ujute. Utaona pia maembe yakioza chini ya miti kwa kukosa mnunuzi, wakati huohuo wewe unanunua juisi ya boksi dukani kwenu. Jioni omba maziwa ya Waorma au chai iliyopikwa kwa maziwa hayo. Ukiwa umekula mpunga mchana na kunywa maziwa jioni, umeshakula uchumi wote wa delta hii kwa siku moja: mkulima anayehitaji ukingo wa mto, na mfugaji anayehitaji kuufikia mto huohuo. Njia ya ng'ombe kwenda majini inaitwa malka. Lishike neno hilo, nitalirudia.

Usiku, feni ikikwama na usingizi ukikataa, ndipo nataka nikusimulie habari za yale maneno mawili.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, watawala wa Kiingereza waliichukua ngadji, ngoma kubwa takatifu ya Wapokomo. Ngoma hiyo ilikuwa alama ya mamlaka ya gasa, baraza la wazee. Wengi waliisikia ikilia bila kuruhusiwa kuiona. Leo iko London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, na imefungiwa stoo. Fikiria hilo. Mtalii wa London haioni, Mpokomo wa Ngao haisikii. Mahali palipokuwa na kitu pakafanywa pasipo na kitu, kisha mjukuu wa mahali hapo anaulizwa kwenu kuna nini.

Panda mto kutoka Garsen kama kilomita 100 hivi utafika Hola, makao makuu ya kaunti. Huko wakoloni waliweka kambi ya mahabusu wa Mau Mau. Kwa nini Hola? Kwa sababu kulikuwa mbali, kulikuwa na joto, na hakukuwa na mtu wa Nairobi wa kushuka kwenye basi akaona. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa na askari hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa kwenye mradi wa umwagiliaji. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Kando ya Tana! Uongo huo ulifika hadi Bunge la London na ukawachoma walioutunga. Baada yake mfumo wa kambi hizo haukudumu. Lakini angalia ulivyojengwa. Uongo wa namna hiyo unahitaji mahali ambapo kila mtu amekubali kwamba hakuna kitu, hakuna mtu, hakuna jicho.

Sasa ruka nusu karne. Mwaka 2008 kulikuwa na mpango wa kupanda miwa kwenye makumi ya maelfu ya hekta za delta yetu, na mwaka huohuo magazeti yakaripoti mazungumzo ya kuwapa Qatar hekta 40,000 walime chakula chao. Nilikuwa kijana wa shule. Nakumbuka maneno yaliyokuwa yakizunguka kwenye mikutano na redioni: ardhi imelala, ardhi haitumiki, ardhi tupu. Kwa Kiswahili cha mhariri wangu: hakuna kitu. Ardhi hiyo tupu ilikuwa na mashamba ya mpunga, malisho ya kiangazi ya maelfu ya ng'ombe, mabwawa ya samaki, makaburi, na ndege wanaokuja kutoka Ulaya na Asia kila mwaka bila kuuliza hoteli. Wenyeji walikwenda mahakamani. Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza mipango ya matumizi ya ardhi na maji ya delta itengenezwe kwa kuwashirikisha wenyeji. Kabla ya hapo, Septemba 2012, delta iliandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Dunia ilikuwa imeona kitu. Sisi wenyewe bado tulikuwa tunatafuta choo.

Ndiyo maana sikubali kwamba mhariri yule alisema jambo dogo. Anayesema hakuna kitu kwenye orodha ya wikendi hajaiba ng'ombe wala ngoma. Lakini anamfagilia njia anayekuja nyuma yake na ramani ya hekta. Watu elfu moja wa mjini wakiwa wanapajua mahali, wamewahi kula pale, wana jina la mtu wa pale kwenye simu yao, mahali hapo ni vigumu kupauza kimyakimya. Pakiwa ni choo cha njiani, nani atapiga kelele?

Najua utakaloniambia sasa, maana nimeambiwa mara nyingi: si huko ndiko watu walichinjana?

Ndiyo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, wakiwemo wanawake na watoto waliokuwa wamelala. Vijiji vilichomwa. Usiniulize kabila langu. Swali hilo lilishawahi kuua watu hapa, na nimejiapiza kutolijibu kwenye maandishi. Nitakuambia tu kwamba ulikumbuka neno malka? Mkulima akilima mpaka ukingoni, ng'ombe hawafiki majini. Ng'ombe wakiingia shambani, mwaka mzima wa mtu umeliwa kwa usiku mmoja. Ongeza ukame, ongeza bunduki, ongeza uchaguzi uliokuwa unakuja Machi 2013, ongeza ardhi iliyoanza kugawanywa kwenye meza za mbali. Televisheni zilifika zikasema ni vita vya kikabila, zikaondoka. Miezi ileile delta ilipokuwa inaandikwa kwenye orodha ya Ramsar, sisi tulikuwa tunazika. Ukiipenda delta kwa ndege wake peke yake, umeisoma nusu. Ukiiogopa kwa mauaji peke yake, umesoma nusu nyingine. Mji unaouona leo, ambamo mama wa samaki na muuza maziwa wanakopeshana chenji, umejengwa upya na watu wanaojuana nani alimpoteza nani. Hicho pia ni kitu. Kwangu mimi ndicho kikubwa kuliko vyote.

Utaniambia pia: usalama wa barabara. Sitakuambia ujifanye shujaa. Safiri mchana. Uliza wenyeji na madereva kabla ya kuondoka, si baada. Kwenye kizuizi mpe askari kitambulisho bila utani mwingi. Na angalia mvua: mwishoni mwa 2023 na tena 2024 maji yaliikata barabara ya Lamu eneo la Gamba, na watu wakavuka kwa mashua kando ya lami. Lakini, jamani, tuwe wakweli. Kijana yule wa kofia ya ukili alipita barabara hiyohiyo, siku hiyohiyo, basi lilelile. Hatari alizipitia zote. Alichokiruka ni mji tu.

Na kuna anayeniambia kinyume chake, rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya kulinda misitu. Anasema: ukiwaita hao watu wa mjini, utaharibu. Leo gesti ya ndoo, kesho hoteli yenye ukuta, keshokutwa mto una mwenyewe. Hoja hii inaniuma kwa sababu nimeona yaliyopata fukwe nyingine za pwani, ambako mvuvi hupita nyuma ya hoteli kama mwizi ili afike kwenye maji ya babu yake. Sina jibu zima. Ninalojua ni kwamba kufichwa hakujawahi kutulinda. Ngoma ilichukuliwa tukiwa tumefichika. Hola ilitokea tukiwa tumefichika. Kwa hiyo sikuiti kama mtalii. Nakuita kama mgeni, na mgeni kwetu ana masharti yake: anasalimia kwanza, analala anapopewa, anakula kinacholiwa, analipa chakula cha mama wa kibanda bila kubishania shilingi kumi, na akiondoka anasema atarudi lini.

Sasa amka, ni siku ya pili, na una chaguo.

Ukipenda msitu, fuata njia ya Hola mpaka kwenye hifadhi ya tumbili ya Tana, iliyoanzishwa mwaka 1976. Kwenye vipande vile vya msitu kando ya mto wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Hawapatikani mahali pengine popote duniani. Si Kenya nyingine, si Afrika nyingine. Panga na wenyeji kabla, maana huko huendi tu kwa kubahatisha.

Lakini kama unasoma jarida kama hili, mimi ningekupeleka Kipini. Panda gari la kwenda Witu, kisha pinda kuelekea baharini, mpaka pale Tana inapomaliza safari yake. Hata mwisho huo una hadithi: mto haukuwa ukitokea hapo zamani. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji kuunganisha Tana na mto Ozi, na maji ya Tana yakaipenda njia ile mpya. Kwenye ghuba hiyo kuna magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili uliokuwa na misikiti ya mawe karne nyingi kabla Nairobi haijawa kituo cha reli mwaka 1899. James Kirkman alipachimba akaandika kitabu kizima, kikatoka mwaka 1966. Kitu kizima cha kitabu, mahali pasipo na kitu.

Na Kipini ndiko mapokeo yanakosema amelala Fumo Liyongo. Ndiyo, yuleyule wa shuleni, shujaa na mshairi ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utendi mwaka 1913. Mlisoma jina lake kwa ajili ya mtihani, mkalisahau kwa ajili ya maisha. Mnakwenda Lamu kupiga picha na milango ya Waswahili, mnampita baba wa ushairi wao bila hata kumpa salamu. Mnakikumbuka kifo chake? Alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, na mwanawe mwenyewe. Akajikokota mpaka kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafia hapo katika hali hiyo. Watu wa mji wakaogopa kukaribia. Siku zikapita, hawana maji, wanamtazama kwa mbali maiti wakidhani ni mtu mzima anayewangoja kwa mshale. Mpaka mama yake alipokuja, na mwili ukaanguka.

Nimekaa Kipini nikilifikiria goti lile. Wale walisimama mbali na kisima wakidhani aliyekufa yu hai. Nanyi mnasimama mbali na kisima chenu, mto unaowanywesha, mkidhani penye uhai pamekufa. Wote wawili, wale na ninyi, mmekosea kwa sababu moja: hakuna aliyesogea karibu.

Jioni ya siku ya pili rudi Garsen, ungoje basi lako njia panda. Utakuwa umechomwa na jua, umeng'atwa na mbu, na picha ulizonazo hazitashinda picha za Lamu. Pengine utaniandikia useme nimekudanganya, ni mji mdogo tu wenye joto. Kweli, ni mji mdogo wenye joto. Sijasema ni pepo. Nimesema upo.

Yule kijana wa kofia ya ukili, kama unasoma haya, sina kinyongo nawe, na pole yako nimeipokea. Lakini unarudi Lamu mwakani, uliniambia mwenyewe. Basi la asubuhi likifika Garsen kondakta atauliza, mara moja tu, na hatasubiri. Inua mkono. Choo kipo palepale unapokijua. Ukitoka, usigeukie basi. Vuka barabara, kuna mama anapika mbaazi na mahamri chini ya mwarobaini. Mwambie umeagizwa. Mimi nikiwa nyumbani nitakukuta hapo, na chai ya kwanza ni juu yangu.